Liemba: Meli ya Vita Iliyobeba Dagaa

Ndugu wenzangu, sisi tuliosoma Njombe tulizoea kuona wanafunzi wakishuka Makambako kutoka kila pembe ya nchi, wengine kwa treni ya TAZARA, wengine kwa basi. Waliotoka mwambao wa Ziwa Tanganyika walichoka kuliko wote, kwani kabla ya kufika Sumbawanga na Mbeya walikuwa wamekwisha kulala melini. Meli yenyewe ni Liemba.

Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Yakaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda reli hadi Kigoma, na Februari 1915 meli ikashushwa majini kwa jina la Graf von Goetzen. Vita vilikuwa vimepamba moto, ikafungwa mizinga. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitwaliwe na adui, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado yafaa! Mei 1927 ikaanza kazi ya abiria na mizigo, ikiitwa Liemba, jina la kale la ziwa hilo.

Waandishi wa ng'ambo hupenda kuishia kwenye mizinga. Kwangu mimi, miezi ile ya vita ni jambo dogo. Kazi kubwa ilifanyika mbele ya vijiji visivyo na gati wala barabara. Honi ikilia usiku, mitumbwi ilitoka ufukweni ikishindana kuifikia. Mama alivutwa juu na mtoto mgongoni, magunia ya dagaa yakapandishwa kwa winchi, huku mwingine akihangaika kuteremsha bati zake za kuezekea. Aliyeachwa alingoja safari nyingine, hata kama ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali.

Miaka ya 1970 mitambo ya mvuke iliondolewa, ikawekwa ya dizeli. Mwaka 1997 ilirudisha kwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo. Mwaka 2015 ikawatoa Warundi katika ufukwe wa Kagunga, uliobanwa na milima, ambako kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuanza kuua. Ilichukua watu wapatao 600 kwa safari moja.

Iliposimama mwaka 2018 kungoja matengenezo, watu wa mwambao walibaki na maboti ya mbao, nayo hujazwa kupita kiasi, na Tanganyika ikichafuka haina simile.