Vituo Kati ya Nairobi na London

Kutoka Nairobi hadi London kwa njia ya mkato ya angani ni kilomita 6,800 hivi. Leo abiria huzimaliza kwa saa 9 au pungufu kidogo, na sifa zote hupewa kasi ya ndege. Kasi inastahili sifa, ila si zote. Kwa miaka mingi mwizi mkubwa wa muda kwenye njia hii alikuwa vituo.

Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilifungua njia ya London hadi Mwanza, hasa kwa ajili ya barua. Ilikuwa safari ya kuungaunga: ndege, treni kupita Ulaya, ndege ya kutua majini kuvuka Mediterania, treni tena kutoka Alexandria hadi Cairo, kisha ndege kuufuata mto Nile mpaka Ziwa Viktoria.

Mwaka 1937 zikaja ndege kubwa za majini, Short Empire. Zilitua Kisumu, kisha zikaendelea Mombasa, Dar es Salaam na Lindi hadi Durban. Zilikwenda kama kilomita 260 kwa saa. Mtu akipiga hesabu, kwa mwendo huo umbali wa Nairobi na London ungekwisha kwa saa 26 tu. Lakini safari ilichukua siku kadhaa, kwa sababu ndege zilishuka Port Bell, Malakal, Khartoum, Wadi Halfa, Luxor, Alexandria, Athens na kwingineko kutafuta mafuta, na giza lilipoingia abiria walishushwa wakalale.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mambo yalibadilika haraka. Binti mfalme Elizabeth aliondoka London Januari 31, 1952, ndege yake ikaongeza mafuta El Adem, Libya, na kesho yake akawa Nairobi. Siku chache baadaye, babake alipofariki, alirudi kupitia Entebbe akiwa malkia.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa Nairobi yenyewe. Mji uko mita 1,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake nyepesi hupunguza nguvu za injini na za mabawa, hivyo ndege iliyojaza mafuta huhitaji njia ndefu kupaa. Kiwanja cha Embakasi kilifunguliwa 1958, na miaka miwili baadaye East African Airways, shirika la pamoja la nchi za Afrika Mashariki, likapata ndege za jeti aina ya Comet 4. Hata hizo zililazimika kutua njiani. Jibu hasa lilikuja 1966 na Super VC10, ndege iliyobuniwa kwa viwanja vya juu na vya joto, yenye uwezo wa kufika London bila kutua popote.

East African Airways ilivunjika mwanzoni mwa 1977. Februari mwaka huohuo Kenya Airways ilianza kuruka kwenda London kwa ndege za Boeing 707 za kukodi.