UZI: Wimbo ni wa nani? Kutoka kaseti za River Road hadi video fupi za Kayole

1/ Kila msimu wa kampeni mmoja anaahidi kulinda wasanii, mwingine anasema vijana wa mtandaoni waachwe wajitafutie. Wote wanapigiwa makofi. Lakini msanii na kijana wa video wanavutania wimbo uleule. Turudi nyuma kidogo.

2/ Kenya ilitunga sheria yake ya hakimiliki 1966. Sheria ilikuwepo, lakini kaseti ikinakiliwa kichinichini River Road, mwenye benga angejuaje? 1983 ikaja MCSK ya kukusanyia wanamuziki mirabaha. Kelele za "pesa zetu ziko wapi" hazijaisha hadi leo.

3/ Sheria mpya ya 2001 ikaleta Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Huku Kayole tulikuwa tunachoma CD. Unaenda kwa kibanda na orodha ya nyimbo, unarudi na CD mfukoni. Baadaye ikawa flash ya matatu. 19/60 ikipiga ngoma yako ulipata jina, pesa hukuziona.

4/ Halafu simu ikageuza mambo. "Lamba Lolo" ya Ethic, vijana wa Umoja, ilienea mtandaoni 2018. Sasa anayecheza wimbo ndiye pia anautangaza. Je, anaiba au anasaidia? Hapo ndipo ugomvi uko.

5/ 2019 Bunge likarekebisha sheria: mwenye kazi akilalamika, mtoa huduma wa intaneti ana saa 48 za kazi kuiondoa, isipokuwa aliyeipakia apinge. Kulalamika kwa uongo ni kosa. Kwa karatasi iko sawa. Kwa simu, mara nyingi mashine ndiyo inaamua. Sauti inazimwa, na dansa wa Masimba hajui aongee na nani.

6/ Lakini pia tusidanganyane. Mshawishi mmoja alitumia "We Kamu" ya Nonini kwenye video ya kutangaza televisheni, bila ruhusa. 2023 mahakama ya Milimani ikaamuru Nonini alipwe shilingi milioni 1. Ruhusa ya kucheza ngoma kwa raha zako haimaanishi unaweza kuuzia nayo bidhaa.

7/ Wakubwa nao huvutana. Mapema 2024 Universal Music iliondoa nyimbo zake TikTok, wakaelewana Mei. Kampuni kubwa ina meza ya kukaa na kuongea. Prodyuza mwenye kompyuta moja na godoro la kuzuia kelele, hapa Soweto, hana.

8/ Kwa hivyo mgombea akija, usimuulize kama anapenda wasanii. Wote wanapenda. Muulize: dansa aliyezimiwa sauti atakata rufaa wapi, kwa lugha gani, ajibiwe kwa siku ngapi? Mrabaha ukikusanywa, prodyuza wa Soweto ataona hesabu wapi?

Na kabla hajajibu, muulize lile lori lake la spika linapiga wimbo wa nani, na nani alilipwa.