Fatuma Kibasu

Fatuma Kibasu ni mchezaji wa kriketi wa Tanzania, mpigaji aliyewahi kuwa nahodha wa timu ya taifa ya wanawake, na Mtanzania wa kwanza mwanamke kufikisha mikimbio 100 katika pambano moja la kimataifa la Twenty20. Katika aina hii ya kriketi kila timu hupewa ova 20, ova moja ikiwa na mipira 6 halali, na mkimbio ni alama ipatikanayo wapigaji wawili wanapobadilishana ncha za uwanja au mpira unapovuka mpaka wake.

Mwaka 2018 Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC) liliamua kuyapa hadhi kamili mapambano yote ya Twenty20 ya wanawake baina ya nchi wanachama, hatua iliyoiingiza Tanzania katika kumbukumbu rasmi. Tarehe 22 Juni 2019, jijini Kigali, katika mashindano ya Kwibuka yanayowaenzi wahanga wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, Kibasu alipata mikimbio 108 kwa mipira 71 bila kutolewa. Tanzania ilifikisha 285 kwa kupoteza wiketi moja tu, yaani mpigaji mmoja pekee ndiye aliyetolewa, kisha ikaitoa Mali yote kwa mikimbio 17 na kushinda kwa tofauti ya 268.

Mafanikio hayo yalithibitisha kwamba mwanamke wa Kitanzania anastahili nafasi ya heshima katika mchezo huu.