Kitabu cha Robert Burns: namna Kiskoti kilichapwa tena bila kugeuzwa Kiingereza

Mwaka 1787, mjini Edinburgh, kitabu cha mashairi ya mkulima mmoja kilichapwa mara ya pili. Mkulima huyo ni Robert Burns, wa Uskoti, ile inchi ambayo watu wengi wanaiita Écosse. Wasomi walitaka aachane na lugha ya nyumbani kwao. Yeye hakukubali.

Kiskoti ni lugha gani?

Kiskoti ni ndugu ya Kiingereza, zote mbili zilitoka kwenye lugha moja ya zamani. Haiko sawa na Kigaeli, lugha ingine ya Uskoti, inayosemwa zaidi kwenye milima na visiwa vya magharibi. Zamani Kiskoti kilikuwa lugha ya mfalme na ya sheria. Lakini mwaka 1603 mfalme James VI alihamia London, na mwaka 1707 bunge la Uskoti likaunganishwa na lile la Uingereza. Basi mtu aliyetaka kuonekana amesoma aliandika Kiingereza. Kiskoti kikabaki cha nyumbani, cha shamba na cha soko.

Toleo la kwanza

Burns alizaliwa tarehe 25 mwezi wa kwanza 1759, kijijini Alloway. Mwaka 1786 shamba lilikuwa halimlipi, akajitayarisha kwenda kutafuta kazi Jamaika, kwenye mashamba makubwa yaliyolimwa na watumwa. Mbele ya kuondoka, akapeleka mashairi yake kwa mpiga chapa John Wilson, mjini Kilmarnock. Kitabu kilitoka tarehe 31 mwezi wa saba: nakala 612, shilingi 3 kila moja. Ziliisha haraka, na safari ya Jamaika ikaachwa.

Toleo la Edinburgh

Watu wakubwa wa Edinburgh walimsifu, lakini kuko waliosikitika juu ya lugha yake. Daktari John Moore alimwandikia barua, akamshauri atumie Kiingereza. Burns aliacha Kiskoti vile kilivyo, akaongeza mashairi mapya. Kwa kusaidia wageni, orodha ya maneno iliyo mwishoni ilirefushwa sana. Zilichapwa nakala karibu 3 000.

Lakini wapiga chapa wenyewe walikwama. Kwenye nakala fulani neno «skinking», ni kusema chakula cha majimaji, lilitoka «stinking», ambalo kwa Kiingereza ni kunuka. Herufi moja tu ilibadilika, na mpaka leo nakala hizo zinajulikana juu ya kosa hilo.

Pesa je? Burns aliuza haki ya kitabu kwa William Creech kwa guinea 100. Kilipotoka tena mwaka 1793, tayari hakikuwa chake, akaomba tu nakala chache za kupatia marafiki. Alikufa tarehe 21 mwezi wa saba 1796, akiwa na miaka 37.

Hali ya leo

Kila tarehe 25 mwezi wa kwanza watu wanakaa mezani, wanakula na kusoma mashairi yake. Katika hesabu ya watu ya 2011, zaidi ya wakaaji milioni 1,5 wa Uskoti walisema wanaongea Kiskoti. Kitabu chenyewe, kwenye jina lake, kilikiita lahaja. Mwaka 2025 bunge la Uskoti lilipitisha sheria inayokipa Kiskoti, pamoja na Kigaeli, nafasi ya lugha rasmi.