Nguzo za Isimila

Sisi tukaao Segerea, jirani na Mto Msimbazi ushukao kutoka vilima vya Pugu, hatuhitaji mwalimu wa kutueleza jinsi maji yanavyoila ardhi, kwani kila masika twaona kingo zikimeguka na kwenda zake pamoja na miti na misingi ya nyumba. Hata hivyo, zitajwapo nguzo za mawe ya mchanga zilizochongwa na dahari, fikra za wengi hukimbilia majangwa ya mbali, kama Tassili n'Ajjer katika Aljeria, ilhali ajabu ya namna hiyo tunayo wenyewe Isimila, kiasi cha kilomita 20 kutoka mji wa Iringa, kando ya barabara iendayo Mbeya.

Huko hapakuwa na jangwa asilani. Palikuwa na ziwa la maji machache, na watu wa kale, ambao wataalamu wamewakadiria kuwa waliishi yapata miaka 260,000 iliyopita, walikaa ufukweni mwake wakichonga mashoka ya mawe yasiyo na mpini, tena makubwa na yenye makali pande zote mbili, huku majini wakiogelea viboko wa jinsi iliyokwisha kutoweka duniani, ambao macho yao yalichomoza juu kupita ya viboko wa leo. Ziwa lilipokauka, matope na mchanga wake vikashikamana vikawa jiwe laini. Kisha kijito kikajipatia njia, mvua zikachimba, na upepo wa kiangazi ukapangusa chembe zilizolegea, hata sehemu zilizokuwa ngumu kidogo zikabaki zimesimama peke yake, ndefu na nyembamba, katikati ya korongo. Upepo, basi, ulikuwa msaidizi tu; fundi mkuu alikuwa maji.

Mwaka 1951 D. A. Maclennan, mwanafunzi kutoka Afrika ya Kusini, alipita hapo akaokota baadhi ya mashoka hayo, na mwaka 1957 na 1958 Profesa F. Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago, pamoja na Maxine Kleindienst na Glen Cole, akaja kufukua kwa utaratibu wa kielimu. Sina shaka kwamba wachungaji wa Kihehe walikwisha kuyakanyaga mawe yale miaka mingi kabla yao, ila tarikhi ina desturi ya kumhesabu kuwa mgunduzi yule aliyewapelekea habari wataalamu.

Wala kazi ya maji haijakoma. Mvua ile ile iliyoyafunua mashoka ndiyo iyasukumayo kutoka mahali yalipoachwa na wenyewe, na shoka lililohama mahali pake limekwisha kupoteza nusu ya ushahidi wake. Mvua haina sheria. Lakini msafiri anayo, kwani Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yamkataza kuyafukua au kuyachukua bila ya ruhusa.