Iwapo Haiwezekani Kabisa Kumpata

Ukiifungua Vim bila kuitajia faili, katikati ya kioo hutokea maneno machache: jina la programu, namba ya toleo, na ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Wengi wetu tuliosomea kompyuta tumelipita ombi hilo mara nyingi bila kulisoma, kwa kuwa tulikuwa na shida kubwa zaidi, yaani kutafuta namna ya kutoka humo ndani. Vim ni kihariri, programu ya kuandikia matini na msimbo, na ni vigumu kukuta seva ya Linux isiyokuwa nayo au na ndugu yake wa karibu.

Aliyeitengeneza ni Mholanzi, Bram Moolenaar. Toleo la kwanza alilolitoa kwa umma ni la mwaka 1991, la kompyuta za Amiga. Mwaka 1994 alikwenda Uganda kujitolea, akafanya kazi kwa mwaka mmoja kama mhandisi wa maji na usafi katika kituo cha watoto cha Kibaale. Si ile Kibaale ya magharibi. Ni mji mdogo wa Rakai, kusini, karibu na mpaka wa Tanzania. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Uganda walionekana Rakai mwaka 1982. Mwaka uliofuata Tanzania ikawapata wa kwake Kagera, ng'ambo ya mpaka huohuo. Kwa hiyo watoto aliowakuta Moolenaar wengi walikuwa wamefiwa na wazazi, wakilelewa na bibi au na kaka asiyefikisha miaka kumi na minane. Aliporudi Uholanzi alianzisha mfuko wa kuwachangia, ICCF Holland, na Vim ikawa programu ya bure yenye ombi moja: ukiipenda, toa chochote kwa ajili ya Kibaale.

Leseni ya Vim ina kifungu ambacho mwanasheria angekiruka na mwanahistoria angekipigia mstari. Inamtaka anayeibadilisha programu na kuigawa ahakikishe mabadiliko yake yanaweza kumfikia mtunzaji. Kisha, enzi za uhai wake, ilimtaja mtunzaji huyo kwa jina, Bram Moolenaar, pamoja na anwani yake ya barua pepe, na kuongeza kwamba akibadilika itatangazwa mahali panapofaa. Mwisho inasema kwamba iwapo haiwezekani kabisa kumpata mtunzaji, wajibu wa kumpelekea mabadiliko unakoma. Kwa maneno mengine, mtu huyu aliandika ndani ya leseni yake mwenyewe siku ambayo hatapatikana. Ambacho hakukiandika ni nani angeshika nafasi yake siku hiyo.

Kwa zaidi ya miaka thelathini swali hilo halikuwa na haraka. Watu walituma viraka, yeye akavisoma, akavirekebisha, akaviingiza kwa mkono wake. Wachangiaji walikuwa wengi ila mlango ulikuwa mmoja. Utaratibu huo una faida ambayo wakosoaji wake huisahau: programu ilibaki na ladha moja, na kilichofanya kazi mwaka juzi kilifanya kazi na leo. Hasara yake ilijitokeza mwaka 2014, pale Thiago de Arruda, ambaye kiraka chake kikubwa hakikupokelewa, alipochukua msimbo wote na kuanzisha Neovim. Leseni ilimruhusu. Wapo walioliita tukio hilo uasi. Mimi naona lilikuwa mazoezi ya mirathi mwenye mali akiwa hai, kwa sababu lilionyesha kwamba msimbo unaweza kuishi kwenye mikono mingine. Tena de Arruda mwenyewe alikuja kujiondoa, na Neovim ikaendelea chini ya Justin M. Keyes na wenzake.

Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na miaka 62. Familia yake ilieleza kwamba ugonjwa ulizidi kwa kasi katika wiki za mwisho.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea kuhusu programu huria. Tumezoea kusema kwamba haiwezi kufa kwa kuwa kila mtu ana nakala. Ni kweli kwa msimbo. Lakini mradi una pia jina la kikoa ambalo mtu fulani hulilipia, nywila za seva, akaunti yenye mamlaka ya kuwaongeza na kuwaondoa wengine, orodha ya barua pepe, na kumbukumbu ya kwa nini jambo fulani lilikataliwa miaka kumi iliyopita. Hivyo vyote huwa mali ya mtu, na mtu akifa vinaweza kwenda naye. Leseni inawaachia urithi watu wote; mamlaka haimwachii yeyote.

Vim ilinusurika kwa sababu palikuwapo watu waliokwisha kujifunza kazi. Ndani ya siku chache Christian Brabandt, mchangiaji wa miaka mingi, alijitokeza kuuongoza mradi pamoja na wengine, na tarehe 2 Januari 2024 likatoka toleo la 9.1, lililotolewa kwa kumbukumbu ya Moolenaar. Katika leseni, pale palipokuwa na jina moja, sasa pana kiungo cha orodha ya watunzaji. Baadaye kazi ya ICCF Holland ilikabidhiwa Kuwasha, shirika la Canada linalosaidia Kibaale. Jina hilo, ndiyo, ni Kiswahili chetu hikihiki.

Kuna miradi iliyolifikiria suala hili mapema. Ian Murdock aliitangaza Debian mwaka 1993 na kufikia 1996 alikwishamwachia Bruce Perens uongozi; mwaka 1998 ikapata katiba, na hadi leo wanachama humchagua kiongozi kila mwaka. Murdock alipofariki Desemba 2015 Debian iliomboleza, lakini haikuyumba. Jambo ninalolipenda zaidi pale ni msamiati. Kifurushi kilichoachwa na mtunzaji wake huitwa yatima, na huwekwa kwenye orodha ya hadhara ili apatikane wa kukilea. Yaani kuchoka kunaweza kutamkwa bila aibu.

Kwani hatari kubwa kuliko kifo ni uchovu. xz ni programu ya kubana mafaili, ndogo, isiyotajwa na mtu, ila imo ndani ya mifumo mingi ya Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na Lasse Collin, peke yake, bila malipo. Mwaka 2021 akatokea mchangiaji aliyejiita Jia Tan, mpole, mwenye viraka safi. Mwaka 2022 zikaanza barua kutoka kwa majina mengine yasiyofahamika, zikilalamika kwamba mradi unasuasua na zikitaka apatikane mtunzaji mpya. Collin alijibu kwamba amekuwa na matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na kwamba kazi hiyo ni ya kujitolea. Taratibu Jia Tan akapewa funguo.

Februari 2024 Jia Tan alitoa toleo la 5.6.0 likiwa na mlango wa siri uliofichwa humo. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kwamba kuingia kwenye kompyuta kwa SSH kumechelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia, na tarehe 29 Machi akautangazia ulimwengu. Mlango ulikuwa umefika kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, bado kidogo ufike kwenye seva za kila mahali. Nani hasa alikuwa Jia Tan hakijathibitishwa hadharani.

Wengi walikisimulia kisa hiki kama hadithi ya upelelezi. Nikikisoma upya, kinachonikaa ni zile barua za 2022. Mshambuliaji hakuhitaji kuvunja kufuli lolote. Alitafuta mahali ambapo mzee wa nyumba amechoka na hana mrithi, akatuma watu wa kumsimanga kwa kuchoka kwake, kisha akajitolea kubeba mzigo. Kila neno walilomwambia Collin kuhusu haja ya kurithisha lilikuwa la kweli. Kilichokosekana ni watu wa kweli wa kurithishwa, na hao, kwa miaka yote ambayo tulikuwa tukiitumia xz bure, hawakuwa wamejitokeza.

Tarehe 29 Mei 2024 likatoka toleo la 5.6.2, mlango wa siri ukiwa umeondolewa. Aliyelitoa ni Lasse Collin.