Mbwa wako ameugua usiku wa manane? Fanya haya kabla hakujakucha

Saa nane usiku. Umelala, mara unasikia mbwa anajikamua nje kama anataka kutapika. Unatoka na tochi ya simu, unamkuta amelala ubavu barazani, mate yanamtoka, hata mkia hatikisi. Duka la dawa za mifugo limefungwa, afisa mifugo hapokei simu, na asubuhi bado iko mbali.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Mmoja anakimbilia maziwa, mwingine anasaga Panadol, jirani anapiga kelele kutoka ukutani, "Mpe mafuta ya kula!" Kwa nia njema kabisa, mbwa anazidi kuharibika.

Shika neno moja tu: usiku huo kazi yako si kumtibu. Kazi yako ni kujilinda wewe na familia, kujua kama hali yake inasubiri au haisubiri, na kumfikisha kwa daktari akiwa hai.

KWANZA JILINDE WEWE

Mbwa mwenye maumivu anaweza kumng'ata hata anayemlisha kila siku. Mwite kwa jina, msogelee taratibu kwa ubavuni, usimwinamie usoni. Watoto waingie ndani. Kama una glavu za mpira, vaa.

Kabla hujamgusa, jiulize kuhusu kichaa cha mbwa. Dalili zake ni hizi: tabia imebadilika ghafla (mpole kawa mkali, au mkali kajificha gizani), mate mengi, taya la chini limelegea, hawezi kumeza, sauti yake imekuwa ngeni, miguu ya nyuma inayumba.

Hapa kuna mtego. Mbwa mwenye kichaa anaweza kuonekana kama amekwamwa na mfupa kooni. Mwenye mbwa anamwonea huruma, anaingiza mkono mdomoni kuutafuta. Usifanye hivyo. Ukiwa na wasiwasi, usimshike kabisa. Funga geti, mfungie mahali alipo kama inawezekana bila kumgusa, na toa taarifa kwa afisa mifugo.

Akikuuma au kukukwaruza, au mate yake yakiingia kwenye kidonda, jicho au mdomo, osha pale pale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kama ni jicho au mdomo, tumia maji mengi bila sabuni. Kisha nenda hospitali ukaanze chanjo, usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Chanjo inafanya kazi ikiwahiwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

MPIME KWA DAKIKA TANO

Kama hana dalili hizo na anakubali kushikwa, mwangalie vitu hivi na uandike kwenye simu:

1. Fizi. Inua mdomo wa juu. Fizi nzuri ni za pinki na zina unyevu. Bonyeza kwa kidole, achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Kama fizi zake ni nyeusi kwa asili, vuta kope la chini uangalie nyama ya ndani.

2. Pumzi. Akiwa ametulia, hesabu kifua kinapanda mara ngapi kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Mbwa aliyelala kawaida hapiti 30 kwa dakika.

3. Joto. Kama una kipimajoto, kipake mafuta ya mgando, ingiza ncha yake taratibu kwenye njia ya haja kubwa. Kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39.2. Kwa hiyo 38.5, ambayo kwa mtoto wako ni homa, kwa mbwa haina neno. Ikifika 40, mtafute daktari. Pua kavu si kipimo cha homa.

4. Maji mwilini. Vuta ngozi ya juu ya mabega, achia. Ikirudi polepole kama hema, amepungukiwa maji.

5. Tumbo. Liguse kidogo. Je, limevimba? Ni gumu kama ngoma? Anaguna?

Rudia vipimo hivi kila baada ya saa moja. Kinachoeleza zaidi si namba moja, ni kama hali inapanda au inashuka.

HAYA HAYASUBIRI ASUBUHI

Ukiona mojawapo ya haya, endelea kupiga simu mpaka upate daktari, au anza safari:

- Tumbo limejaa na anajikamua bila kutoa kitu. Inawapata zaidi mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, kama German Shepherd na Boerboel. Tumbo linaweza kuwa limejaa hewa na kujisokota. Anaweza kufa ndani ya saa chache, na hakuna dawa ya nyumbani.
- Fizi nyeupe, za bluu au za kijivu.
- Anahema kwa shida hata akiwa amekaa.
- Degedege limepita dakika 5, au linarudi-rudi usiku huo huo.
- Mtoto wa mbwa anatapika na kuharisha damu. Hapo parvo ni mshukiwa wa kwanza, na kinachoua haraka ni kuishiwa maji.
- Dume anajikamua kukojoa, mkojo hautoki.
- Jike anasukuma kwa nguvu zaidi ya dakika 30 na mtoto hajatoka, au anayenyonyesha anatetemeka na kukakamaa.
- Ameumwa na nyoka. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba, na usitegemee jiwe la nyoka. Asitembee, mbebe.
- Ana kupe wengi, amelegea, na mkojo wake ni wa rangi ya kahawa. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa kupe, na damu yake inakwisha.

Nini kinaweza kusubiri kukuche? Mbwa mkubwa aliyetapika mara moja au mbili lakini anasimama, anaitika jina lake na fizi ni za pinki. Au anayechechemea lakini anakanyagia mguu. Au aliyekataa chakula cha jioni tu, huku maji anakunywa.

KAMA ANATAPIKA AU KUHARISHA

Ondoa chakula. Baada ya kutapika, mpumzishe na maji kwa saa moja hivi. Kisha mpe kidogo-kidogo, vijiko viwili vitatu kila baada ya dakika 15 au 20. Ukimwekea bakuli zima atalimaliza kwa kiu na kulitapika lote.

Anywe mwenyewe. Usimfungue mdomo na kummiminia, maana maji yanaweza kuingia kwenye mapafu. Kama hata vijiko hivyo vinarudi, hiyo si ya kusubiri tena.

Mtoto wa mbwa ana shida ya ziada: sukari yake ya mwilini inashuka upesi. Akilegea, mpake asali au maji ya sukari kidogo kwenye fizi, umpashe joto, na utafute msaada.

Mbwa mkubwa akipitisha saa 6 hadi 12 bila kutapika, anza na wali laini na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi. Bila chumvi, bila mafuta, bila kitunguu.

Kama unashuku parvo, mtenge na mbwa wengine. Kirusi chake kinakaa kwenye mazingira kwa miezi. Ukishasafisha uchafu wote, pitisha maji yenye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, sehemu 1 kwa 30 za maji.

KAMA AMEKULA SUMU

Mitaani kwetu sumu haiko mbali. Kuna sumu ya panya ya kupimiwa sokoni isiyo na lebo, kuna dawa za shambani, kuna dawa ya kuogeshea ng'ombe, na kuna nyama anayorushiwa na wezi usiku.

Mate mengi, machozi, kutetemeka, kuharisha na kujikojolea kwa pamoja ni dalili za baadhi ya viuatilifu, na hizo zinakwenda kasi. Sumu ya panya inayozuia damu kuganda ni tofauti. Leo mbwa anacheza, na baada ya siku tatu hadi tano hivi ndipo anaanza kutoka damu puani au kukohoa damu. Kwa hiyo ukimwona ameila, usiseme "mbona mzima". Mpeleke kabla dalili hazijaanza, maana dawa yake ipo, ni vitamini K1, ila daktari ndiye anayepima kiasi.

Ondoa mabaki ya sumu, pakiti yake ipige picha au uibebe. Kama sumu ni ya kupaka na iko kwenye manyoya, mwoshe kwa maji mengi na sabuni ukiwa na glavu.

Usimtapishe bila daktari kukuambia. Aliyelegea au mwenye degedege anaweza kuvuta matapishi kwenye mapafu. Aliyekunywa mafuta ya taa, petroli au tindikali anaweza kuungua zaidi vinapopanda.

KAMA ANA DEGEDEGE

Ondoa viti na vitu vigumu. Zima taa kali, nyamazisha redio. Usiingize kijiko wala kidole mdomoni. Hawezi kuumeza ulimi wake, lakini kidole chako atakikata. Angalia saa tangu lilipoanza. Mtu mwingine akipata nafasi arekodi video, itamsaidia daktari kuliko maelezo yako. Likiisha, mbwa anaweza kuyumba na kutokutambua kwa muda, kwa hiyo kaa mbali na mdomo wake.

USIMPE VITU HIVI

- Panadol, ibuprofeni, diklofenaki. Zinaweza kumharibu ini, figo au tumbo. "Kidonge nusu" si kipimo salama.
- Antibiotiki zilizobaki za mtoto.
- Maziwa. Hayaui sumu, na yanaweza kuongeza kuharisha.
- Chumvi ya kumtapisha. Nyingi inaweza kumuua yenyewe.
- Mkaa wa jikoni. Si ule mkaa maalumu wa dawa unaotumiwa na madaktari.
- Pombe, chokoleti, kitunguu, zabibu.
- Ivermectin ya ng'ombe kwa kukisia.

KUKESHA NAYE

Mlaze ndani au mahali pasipo na upepo, juu ya gunia kavu au kanga kuukuu. Akitetemeka kwa baridi, jaza chupa maji ya uvuguvugu, izungushie taulo, iweke karibu naye bila kumgandamiza. Kama ana joto kali, mloweshe miguu na tumbo kwa maji ya kawaida, si ya barafu. Asiyeweza kugeuka mwenyewe, mgeuze ubavu kila baada ya saa mbili tatu.

Gawaneni zamu. Asubuhi mtu mmoja aliyelala saa tatu anafaa kuliko wawili waliokesha na hawawezi kuendesha gari.

UKIMPATA DAKTARI KWENYE SIMU

Mpe habari kwa mpangilio: umri, uzito wa kukadiria, dume au jike, chanjo alizopata, dalili ilianza saa ngapi, ametapika mara ngapi, fizi zina rangi gani, na anaweza kuwa amekula nini. Kama umempa dawa yoyote, sema. Usione aibu, kuficha ndiko kunakoua.

Safari ya usiku, bajaji ni bora kuliko bodaboda. Mbebe kwenye shuka lililoshikwa pembe nne. Kama ataka kuuma, mfunge mdomo kwa kitambaa laini. Ila usimfunge kama anatapika, anahema kwa shida au amezimia.

Na kama mtafika amechelewa, au akakufa mikononi mwako, usijilaumu usiku kucha. Zika mbali na kisima na kwa kina, usimguse kwa mikono mitupu. Kama kulikuwa na shaka ya kichaa, usimzike kwanza. Mwambie afisa mifugo.

KESHO YAKE, JIANDAE

Hata akiamka akitikisa mkia, mpeleke akapimwe. Kisha fanya mambo manne ukiwa bado unakumbuka hofu ya jana:

1. Hifadhi namba mbili za madaktari wa mifugo, na uwaulize mapema nani anapokea usiku.
2. Weka pamoja kipimajoto, glavu, bandeji, shuka na chupa. Kipimajoto hicho kiwe cha mbwa tu.
3. Chanjo ya kichaa apate akifika miezi mitatu, na irudiwe kama daktari atakavyopanga. Ya parvo huanza wiki ya 6 hadi 8, na hurudiwa mpaka wiki ya 16.
4. Sumu na dawa za shamba zifungiwe juu, na mbwa afundishwe kula kwenye bakuli lake tu.

Mbwa huyo ndiye anayebweka wewe ukiwa umelala. Usiku mmoja akikuhitaji wewe uwe macho, usimlipe kwa kubahatisha.